Uzio wa Akina Chidama

Ukimuuliza mtu wa Dodoma habari za akina Chidama, atakutajia wakubwa. Atakutajia Jaji. Atakutajia profesa wa mifugo aliyeko Morogoro, na yule mkuu wa wilaya mstaafu aliyekuwa akivaa suti nyeupe hata katika vumbi la Agosti, na kijana aliyechezea timu ya mkoa mpaka goti likamkatalia. Atakuambia huo ni ukoo wa kitemi, watu wa damu ya kutawala, na akifika kwenye neno damu atashusha sauti kidogo kama mtu aliyeingia kanisani. Evelina hatamtaja. Jambo hilo limenikaa kooni tangu tulipomzika, na leo nalitoa lote.

Mimi naitwa Evodia, Mhehe wa Kilolo, nauza chakula Ipagala. Kwa Wagogo mimi ni mtani. Asiyejua utani nimweleze kwa kifupi: babu zetu walipigana na kuibiana ng'ombe mpaka wakachoka, na kilichobaki baina yetu ni ruhusa ya kutukanana bila mtu kununa. Naweza kumtukana Mgogo mbele ya wakwe zake na akabaki anacheka. Msibani ndipo mtani anapokuwa mkubwa kuliko wote. Anavaa kituko, anamwigiza marehemu, anaziba njia ya jeneza mpaka apewe cha kumlainisha. Na hata akizidisha, hakuna wa kumgusa kwa hasira mpaka marehemu ashuke kaburini. Anayemgusa amejitafutia mkosi yeye na nyumba yake.

Siku ya kwanza Evelina alipoingia kibandani kwangu alifunua sufuria la nyama, akachungulia, akaniuliza ni mbwa wa nani aliyepotea mtaani. Nikamjibu akae pembeni asubiri, sadaka tunatoa Jumapili. Tukawa marafiki papo hapo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume, na alikuwa akiuza mlenda mkavu na ubuyu katika soko la Majengo. Alikuwa pia mpigaji wa muheme, ile ngoma ndefu ambayo wanawake wa Kigogo huibana mapajani na kuipiga kwa viganja. Kundi lao liliitwa kwenye harusi na kwenye sherehe za serikali, na wageni waliwapiga picha bila kuwauliza majina.

Wateja wangu wengi ni makarani wa ofisi za serikali na watumishi wa Bunge. Wakisikia jina lake walikuwa wanashtuka. "Kumbe mama ni Chidama? Wa kwa Jaji?" Naye alikuwa anajibu bila kuinua macho kwenye sahani: "Jaji ndiye wa kwetu."

Asili ya jina alinisimulia mara nyingi, kila mara akipunguza hapa na kuongeza pale. Chidama wa kwanza alikuja kwa miguu kutoka kusini, amebeba mawe ya mvua yaliyofungwa katika ngozi ya mbuzi. Alifika Ilangasa, ng'ambo ya Zuzu, akakuta uwele umekauka shambani na watu wamekaa wanaangaliana. Akaomba maji, wakampa ya mwisho waliyokuwa nayo. Kesho yake mvua ikanyesha, na wao wakamfanya mtemi. Mimi nikauliza, kusini ipi? Akasema huko milimani, upande wa Iringa. Nilicheka mpaka ugali ukaungua. Nikamwambia watemi wenu wote hao kumbe ni Wahehe waliotoroka nyumbani kwa wizi. Akafikiri kidogo, akasema basi ndiyo maana Jaji ana meno makubwa namna ile.

Lakini alipofika kwa babu yake hakutania.

Babu yake aliitwa Ndahani, na hakuzaliwa Chidama. Aliletwa. Ilikuwa wakati wa njaa, kabla ya vita vya Wajerumani na Waingereza, na wazazi wake walimshika mkono wakavuka naye mbuga mpaka langoni kwa mtemi. Walimwacha pale, wakaondoka na mtama. Watu wengi walifanya hivyo miaka ile. Mtoto mmoja alibaki kwa mwenye ghala ili wadogo zake wapone, na mvua ikirudi wazazi walikuja kumkomboa. Wa Ndahani hawakurudi. Labda walikufa, labda walishindwa, hakuna ajuaye. Yeye alibaki akichunga ndama wa mtemi na kulala walikolala.

Kisha vita vikafika Ugogo. Jeshi lilitaka wapagazi, na afisa aliyekuja Ilangasa hakuwa mjinga. Alitaka mtemi amtoe mwanawe wa kiume atangulie mbele ya mizigo, ili watu wengine waone aibu kutoroka. Mtemi alikuwa na mwana wa rika la Ndahani. Alimficha porini pamoja na mbuzi. Akamwita mchunga ndama, akamvika bangili za kitemi, akamsimamisha mbele ya afisa na kusema: huyu ndiye mwanangu, Ndahani Chidama. Ndivyo jina lilivyomfikia. Halikuwa zawadi. Siku ile lilikuwa jina la kwenda kufa nalo, na ndiyo sababu wakampa mtoto wa wenzao.

Alibeba risasi na unga mpaka Mahenge. Waliotoka naye Ilangasa wengi walizikwa njiani kama hawana kwao, wengine hawakuzikwa kabisa. Yeye akarudi, bega moja limeshuka chini ya jingine na halikupanda tena mpaka anakufa. Mtemi alipomwona alichinja dume jeusi. Akakata ukanda wa ngozi yake, akamvisha Ndahani mkononi mbele ya watu wote, akatamka kwamba huyu ni Chidama, watakaotoka kwake ni Chidama, na watalala atakapolala yeye. Na kweli, Ndahani akazikwa hatua chache kutoka kwa mtemi. Mwanawe Yohana akafuata, na mke wa Yohana. Pembeni ya mama huyo palibaki nafasi ya binti yao, Evelina.

Nafasi hiyo ilikuwa yake kwa kila njia. Evelina aliwahi kuolewa na mfanyakazi wa reli aliyekuwa na mikono myepesi ya kupiga. Ndoa ikavunjika, na ng'ombe wa mahari wakarudishwa mpaka wa mwisho. Kwa Wagogo ng'ombe wakirudi mambo yamekwisha: mwanamke amekuwa tena binti wa baba yake, na mtoto aliyemzaa ni wa huko huko. Kwa hiyo Miriam, bintiye wa pekee, naye akaandikishwa shule kama Chidama, na wanawe wakaja kuitwa hivyo.

Pale Ilangasa iko tembe ya watemi, nyumba ya zamani ya miti na udongo yenye paa bapa, na ndani yake mna mawe ya mvua na kigoda cha utemi. Tembe haina huruma na mvivu. Paa lisipoongezwa udongo kila mwaka kabla ya mvua, linavuja, miti inaoza, na nyumba inakaa chini. Yohana ndiye aliyekuwa akilitunza mpaka mgongo ukamshinda, kisha Evelina akaipokea kazi hiyo. Kila ifikapo Novemba alifunga biashara Majengo, akapanda gari mpaka Zuzu, akamalizia kwa miguu katika lile jua la Dodoma ambalo hata mijusi inalikimbia. Akachimba udongo wa kichuguu, akaupandisha juu kwa karai, akaukanyaga mpaka ushikane. Alifanya hivyo akiwa msichana na akafanya hivyo akiwa bibi. Profesa alikuwa wapi? Alikuwa Morogoro. Mkuu wa wilaya alikuwa kwenye suti yake. Na Jaji alikuwa Dar es Salaam akihukumu watu.

Kisha serikali ikahamia Dodoma, ardhi ikapata bei, na ghafla kila mwenye babu mtemi akakumbuka kwamba ana babu. Jaji Geofrey Chidama alistaafu, akarudi Ilangasa, akajenga nyumba ya ghorofa inayoitazama tembe kwa juu. Akaunda kamati ya ukoo. Wakachapisha kijitabu chenye picha za rangi kuhusu jina la Chidama na watu wake mashuhuri, na Evelina akaletewa kimoja. Nilikisoma kibandani kwangu kurasa zote huku mchuzi ukichemka. Ndahani hakuwemo. Mchezaji mpira mwenye goti alikuwemo, ukurasa mzima.

Baada ya kijitabu ukaja uzio, waya wa nguvu na nguzo za zege kuzunguka makaburi yote ya watemi, na lango la chuma lililopakwa rangi ya dhahabu. Tukaitwa kwenye mkutano. Nasema tukaitwa, lakini aliitwa Evelina, mimi nilimsindikiza kwa sababu nilikuwa nanusa ubaya.

Jaji alisimama chini ya turubai akiwa na fimbo nyeusi yenye kichwa cha pembe. Ana sauti nzuri, siwezi kumnyima hilo. "Mama Evelina," akasema, "sisi tunakuheshimu sana. Ninyi ni watu wetu, na mmetusaidia mengi. Lakini utemi unafuata damu. Ndani ya uzio watalala wale wa damu. Ninyi tumewatengea sehemu nzuri hapo nje, karibu na ule mti wa mgunga. Na kwa upande wa jina, kamati inashauri mtumie la Yohana, linawatosha."

Evelina aliinuka polepole. "Mheshimiwa, baba na mama yangu wako ndani. Mtawatoa?"

"Hapana, mama. Waliokwisha kulala hatuwasumbui."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa nje. Si mbali."

Akasema ahsante, akakaa. Ahsante. Nilitaka kumfinya. Watu mle chini ya turubai walitazama viatu vyao, na wengine walikuwa wamekula kwake, wamelala kwake Ipagala walipokuja kutibiwa mjini. Njiani nilimtukana Jaji kwa Kihehe, kwa Kiswahili, na kwa maneno machache ya Kigogo niliyofundishwa na Evelina mwenyewe. Yeye alitembea mbele yangu mpaka tulipofika Zuzu.

"Mtani," akaniambia, "kigoda chao sikihitaji. Mimi nataka kulala pembeni ya mama yangu, na Mchungaji alitaje jina langu lote, mpaka mwisho wake. Miriam asikie, na watoto wake wasikie. Hayo tu."

Nikadhani baada ya pale ataachana nao. Novemba ikaja, namwona anafunga karai lake kwa kamba. Tuligombana vibaya. Nilimwambia yeye ni mjinga, amewekwa nje ya makaburi kama mbwa na bado anakwenda kuwatunzia nyumba. Aliniacha nimalize. "Paa halijanikosea," akasema, akaenda. Mpaka leo nikikumbuka jibu lile sijui nicheke au nitupe kitu.

Mwaka uliofuata figo zikamshinda. Nilikuwa nampelekea uji hospitali, na ananiuliza kama nimeuonja kwanza au nimemletea sumu. Siku moja machozi yalinitoka mbele yake. "Usilie," akasema, "utaharibu sura, na yenyewe ilikuwa imeharibika tayari." Kisha akanishika mkono, na kiganja chake kilikuwa bado kigumu kwa ngoma. "Mtani, usiwaache waniweke nje." Nikamwahidi, sijui hata kwa nguvu gani. Mimi muuza wali, nikamwahidi kumshinda jaji.

Alikufa mwezi wa Julai, upepo ukivuma vumbi mjini kote. Miriam alimpigia Jaji simu akamweleza alichotaka mama yake. Akajibiwa kwa upole mwingi kwamba kamati ilishaamua, ila asiwe na wasiwasi, gharama zote ni za ukoo. Na kwa mambo ya kuonekana Jaji alikuwa mkarimu. Jeneza la mninga, maturubai, viti vya plastiki vyenye vitambaa, vipaza sauti, gari la maji. Alikuwa amealika wakubwa kutoka mjini, na kijana wa kamera atakayepiga picha za kamati yao. Akamwambia Miriam: "Na watani waje. Tunataka wageni waone utamaduni wetu."

Hapo ndipo alipokosea. Alikuwa amekaa mjini muda mrefu mno, akadhani utani ni ngoma ya kuwachezea wageni.

Siku ya maziko shimo lilikuwa limekwisha kuchimbwa karibu na mgunga, nje ya uzio. Msema chochote akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba tumekusanyika kumsindikiza marehemu Evelina Yohana. Akaishia hapo. Miriam alikuwa amenishika mkono, nikasikia kucha zake zinaniingia.

"Mama mdogo," akaninong'oneza, "wamelikata jina."

Nikamwambia akae na jeneza, asitoke hapo. Nikaenda nyuma ya gari la maji kuvaa. Nilikuwa nimekuja na koti kubwa jeusi nikaligeuza ndani nje, na katani nyeupe niliyoisuka vizuri nikaivaa kichwani kama wigi la jaji mahakamani. Mkononi nikashika mwiko wangu wa ugali. Nilipotokea, watu walipasuka. Nikatembea kwa maringo, tumbo mbele, nikiwanyooshea mwiko na kuwahukumu: wewe miaka saba kwa kula pilau ya msibani kabla ya maziko, wewe kifungo cha maisha kwa sura. Jaji alicheka kuliko wote, akamwita yule kijana wa kamera asogee karibu.

Nikalipita shimo la nje. Nikafungua lango la dhahabu, nikaingia ndani, nikaenda mpaka pembeni ya kaburi la mama yake Evelina, nikajilaza chali juu ya ardhi na mwiko kifuani.

"Mahakama imeamua," nikasema kwa sauti. "Marehemu analala hapa. Kule nje kuna baridi."

Wakazidi kucheka. Mjumbe wa kamati akaja na noti, akaniwekea juu ya tumbo kama ilivyo desturi. Nikaikunja nikamrudishia, nikamwambia akanunue aibu, wameishiwa. Akarudi na noti nyingine. Nikamrudishia. Nikasema sitaki hela, nataka jembe. Jua likapanda. Wageni wa mjini wakaanza kutazama saa zao, na kicheko kikapungua kama maji ya kisima cha Oktoba. Wanawake wa kundi la muheme wakaja wakakaa chini nje ya waya, upande wa kichwani kwangu, wakaanza kupiga taratibu. Hakuna aliyewaambia.

Kijana mmoja wa kamati alitaka kuniinua kwa nguvu. Wazee wakamkemea kutoka kwenye viti. "Usimguse mtani. Unataka kutuua?" Akarudi nyuma.

Basi akaja Jaji mwenyewe. Alikuwa ameshika kipaza sauti, alikuwa anajiandaa kutoa hotuba. Akainama. "Mama, imetosha sasa. Umewafurahisha watu. Toka tumzike mwenzetu."

"Mwenzenu anaitwa nani?" nikamuuliza.

Akageuka kuwatazama wageni wake.

Nikaanza kusimulia, nikiwa nimelala pale pale, kwa sauti yangu ya kuita wateja. Nikamsimulia Ndahani tangu langoni mpaka Mahenge na kurudi. Nikawatukana kama mtani anavyopaswa: watemi gani nyie, waoga, vita ikija mnaazima mtoto wa mtu. Nikataja dume jeusi na ukanda wa ngozi, na maneno ya mtemi kwamba watalala anapolala yeye. "Na yule aliyefichwa na mbuzi," nikamwambia, "naona alikufa kitandani. Lile pale kaburi lake, mmemwekea marumaru."

Uso wa Jaji ukabadilika. Nadhani alisahau alichokishika mkononi.

"Ndahani alibadilishwa kwa mtama," akasema. "Alinunuliwa. Mtu aliyenunuliwa hana ukoo."

Vipaza sauti vikalipeleka neno hilo mpaka kwenye magari yaliyoegeshwa barabarani. Muheme ikanyamaza. Nilimsikia Miriam akitoa sauti ndogo huko kwenye jeneza, na mimi nikashika ardhi ili nisiinuke nikampiga na mwiko. Ningeinuka, ningekuwa nimeshindwa.

"Geofrey."

Alikuwa Bibi Emilia, dada wa baba yake Jaji, mkubwa kuliko wote waliobaki katika ukoo ule. Macho yake yameingia ukungu na husikii sauti yake mara kwa mara. Walimsimamisha wajukuu wawili wakamleta mpaka langoni.

"Shangazi, si hapa," Jaji akasema.

"Hapa hapa. Huyo aliyefichwa na mbuzi alikuwa baba yangu. Alitusimulia mwenyewe, na kila aliposimulia alishindwa kumaliza. Wenzake wa rika waliokwenda, ni Ndahani peke yake aliyerudi. Angekwenda baba, mimi nisingezaliwa. Baba yako asingezaliwa. Profesa asingekuwepo, na wewe usingekuwepo kusimama hapo kutugawia damu." Akavuta pumzi. "Hao wote uliowaweka kwenye kitabu chako ni watoto wa Ndahani kuliko walivyo watoto wa mtemi. Chimbeni alipolala mtani."

Hakuna aliyetazama kamati. Wanaume waliinuka kwenye viti vyenye vitambaa, wakavua makoti, wakaenda kuchukua majembe kule nje. Nilitoka pale jembe la kwanza lilipopiga ardhi karibu na mguu wangu. Udongo ulikuwa mgumu, wakachimba kwa zamu, na wakubwa wa mjini wakasubiri kama watu wengine.

Jeneza liliposhushwa, Mchungaji hakupewa karatasi na msema chochote. Alisema mwenyewe, taratibu: "Evelina Chidama, binti wa Yohana Chidama, mjukuu wa Ndahani Chidama." Miriam akalia kwa sauti, na wanawake wa muheme wakapiga kwa nguvu ambayo sijaisikia hata kwenye sherehe za serikali.

Ningeweza kuishia hapo, na ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini tulipokwisha kufunika kaburi, Jaji alinifuata. Alikuwa amejifuta uso, meno yote nje, kijana wa kamera nyuma yake. Akaninyooshea mkono.

"Mtani," akasema ili kila mtu asikie, "leo umetuweza. Nyie Wahehe mna utani mkali jamani."

Watu wakaanza kucheka, na nilisikia jinsi walivyopata nafuu. Nikaona kitakachotokea. Itakuwa hadithi ya kuchekesha, itasimuliwa kwenye chai: siku mtani alipolala makaburini na wigi la katani. Lile neno lake kuhusu mtu aliyenunuliwa litazama ndani ya kicheko hicho, nalo litakuwa utani. Na mwakani, au akifa Bibi Emilia, lango litafungwa upya, na Miriam ataambiwa atumie jina la Yohana.

Mtani ana ruhusa ya kusema kila kitu, isipokuwa neno moja. Akilisema, utani baina yake na mtu huyo umekufa, na kilichosemwa siku ile kinabaki kama kilivyo, kinadaiwa. Mimi sikuwahi kulisema tangu nizaliwe, wala sikuwahi kumsikia mama yangu akilisema.

Nikaivua katani kichwani.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "mimi leo sikutania."

Kicheko kilikatika. Mkono wake ulibaki pale pale mbele yangu, na wazee wa Kigogo waliokuwa karibu wakaondoka mmoja mmoja bila kumtazama. Mimi nikaenda kumsaidia Miriam Chidama kukusanya masufuria.